Umeogopa ndege, ukamsahau mbu

Swali: "Daktari, nina miaka 52. Baada ya wiki tatu nitasafiri na binti yangu wa miaka 9 kwenda nchi niliyozaliwa, ambayo sijaikanyaga kwa miaka 14. Tutakaa siku 28 kwa ndugu zangu, na ndege itachukua muda wa saa 11. Natumia amlodipini na kidonge cha maji kwa ajili ya presha, na presha imetulia. Tangu nikate tiketi silali vizuri. Simu imejaa habari za mlipuko wa ugonjwa katika mkoa mmoja wa nchi hiyo, wagonjwa 60 mpaka sasa. Halafu nimesoma kwamba ndege za masafa marefu huongeza maradufu hatari ya damu kuganda, na kwamba chanjo ya homa ya manjano imewahi kuua watu. Malaria hainitishi, niliugua sana utotoni na mwili umezoea. Isitoshe vidonge vyake nasikia vinachanganya akili. Mume wangu anasema nikiogopa kila kitu sitatoka mlangoni. Je, tuahirishe? Na mtu wa kawaida atajuaje hofu ipi ni ya kweli na ipi ni ya simu tu?"

Dada yangu, kwa maelezo uliyonipa sioni sababu ya kuahirisha. Ninachokiona ni sababu ya kwenda kliniki ya wasafiri wiki hii hii, si wiki ijayo. Mbele kidogo utaona kwa nini siku saba hizo zina uzito.

Kwanza tuliweke swali lako sawa. Umetaja mambo manne. Matatu yamekunyima usingizi: mlipuko, damu kuganda na chanjo. La nne, malaria, umelipitia haraka kama mtu anayepita nyumba ya jirani aliyemzoea. Ningepewa karatasi niyapange kwa ukubwa wa hatari, malaria ingekaa juu kabisa na hayo matatu yangefuata kwa mbali. Kisha ningeongeza mawili ambayo hukuyagusa: barabara, na kile kidonge chako cha maji siku utakayoharisha. Kwa hiyo shemeji yangu ana haki nusu. Ni kweli kuna mambo unayaogopa bure, lakini ukiacha kuogopa kabisa utaondoka bila kinga ya yale yanayoua.

Wala si ujinga wako. Akili ya binadamu haihesabu hatari, inazikumbuka. Mwaka 1973 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza kwamba mtu akiulizwa jambo fulani hutokea mara ngapi, hujibu kwa kupima jinsi mifano inavyomjia upesi kichwani. Mwaka 1978 Sarah Lichtenstein na wenzake waliwauliza Wamarekani nini huua watu wengi nchini mwao. Vimbunga vikapewa vifo vingi kuliko inavyostahili, kiharusi na kisukari vikapewa vichache. Ndivyo ilivyo. Kimbunga hupigwa picha, kiharusi humtokea mtu chumbani kwake na mtaa wa pili hawajui.

Paul Slovic, mwanasaikolojia mwingine, akaongeza lingine: hofu hupanda pale jambo linapoua kwa namna ya kutisha na wewe huna usukani, na hupanda tena likiwa geni. Mlipuko una sifa zote hizo. Ndege pia, umefungiwa ndani na anayeendesha humwoni. Malaria haina hata moja. Unaijua kwa jina, unajua inavyotetemesha, uliugua ukapona, na wote waliokusimulia kuhusu malaria yao ni waliopona, maana wengine hawapo wa kusimulia. Ndiyo maana haikutishi. Lakini kutokutishwa na kitu hakukuambii chochote kuhusu ukubwa wake.

Basi tuichukue hofu moja moja.

Tuanze na mlipuko. Idadi ya wagonjwa peke yake haina maana mpaka ujue ni kati ya watu wangapi, wapi, na wanaambukizwa vipi. Tuseme, kwa mfano tu, nchi ina watu milioni 50. Wagonjwa 60 ni mtu mmoja na kitu kwa kila milioni. Hata hivyo usishikilie wastani huo, kwa sababu unadanganya pande zote mbili: aliye kwenye kata yenye ugonjwa yuko hatarini zaidi ya hapo, na aliye mbali yuko karibu na sifuri. Mwaka 2014, Ebola ilipokuwa Liberia, Sierra Leone na Guinea, wasafiri wengi walifuta safari za Afrika Mashariki na Kusini, maelfu ya kilomita kutoka huko. Kwao bara zima lilikuwa mtaa mmoja.

Kwa hiyo habari ikija kwenye simu, tafuta vitu vinne kabla ya kuisambaza. Ni wilaya gani, na iko umbali gani na mnakofikia? Ugonjwa unapita wapi: majini, hewani, kwa kuumwa na mdudu, au kwa kugusa majimaji ya mgonjwa? Walioambukizwa ni nani: wauguzi, waliozika, au watu wa sokoni tu? Na je, wagonjwa wapya wa wiki hii ni wengi au wachache kuliko wa wiki iliyopita? Swali la tatu mara nyingi ndilo linalotuliza moyo au kuutia homa kwa haki. Ugonjwa wa kugusana na majimaji ya mgonjwa humfuata anayeuguza na anayeosha maiti. Mgeni aliyekuja kusalimia hana sababu ya kuwa karibu nao, isipokuwa aende msibani au wodini.

Jibu langu litabadilika kama mnakofikia ni mkoa huo huo, kama safari yenyewe ni ya kuuguza mtu au kuzika, kama wizara ya afya ya huko au Shirika la Afya Duniani litatoa tahadhari ya kusafiri, au kama hospitali za eneo hilo zimezidiwa. Hili la mwisho watu hulisahau. Mlipuko unaweza kukuumiza bila kukuambukiza: unavunjika mguu, unafika hospitali, hakuna kitanda wala daktari.

Sasa damu kuganda. Sentensi uliyoisoma ni ya kweli, ila imekatwa mkia. Safari ya zaidi ya saa nne huongeza hatari takriban maradufu, sawa. Maradufu ya nini? Utafiti ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani ulikadiria kwamba kati ya watu wenye afya 6,000 wanaoruka zaidi ya saa nne, mmoja ndiye hupata tatizo hilo. Wengine 5,999 hushuka na viatu vilivyobana tu. Popote utakaposoma "maradufu" au "asilimia 100 zaidi", uliza kwanza ilianzia ngapi. Mara mbili ya kitu kidogo bado ni kitu kidogo.

Kinachotokea ni hiki. Misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu ya kurudisha damu juu kuelekea moyoni. Ukikaa saa nyingi goti limekunjwa na ukingo wa kiti umebana nyuma ya paja, pampu inalala na damu inatuama. Kwa hiyo usilipie mbwembwe, amsha pampu: kila saa kanyaga vidole chini na kuinua kisigino mara 20, kisha kinyume chake, simama utembee kila baada ya saa mbili hivi, begi usiliweke miguuni ukakosa pa kunyoosha. Aspirini ya kuzuia damu kuganda ndegeni siishauri, inaweza kukutoboa tumbo bila faida ya maana. Soksi za kubana, za shinikizo la milimita 15 hadi 30 za zebaki kwenye kifundo, zinamfaa mwenye sababu ya ziada: aliyewahi kuganda damu, aliyefanyiwa upasuaji mkubwa karibuni, mwenye saratani, mjamzito, mnene sana, au anayetumia homoni za estrojeni. Hukunitajia hata moja kati ya hizo. Kwa umri wako huenda unatumia homoni za ukomo wa hedhi. Kama ndivyo, iseme kliniki.

Chanjo ya homa ya manjano ina hadithi yake. Ni kweli ina madhara makubwa yanayoweza kuua. Chanjo hii ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na mara chache sana hushambulia viungo vya ndani kama ugonjwa wenyewe. Hutokea kwa chini ya mtu mmoja kwa kila dozi 100,000, na hatari hupanda kuanzia miaka 60. Kwa upande wa pili wa mizani, karibu nusu ya wanaofikia hatua kali ya homa ya manjano hufa. Mbona basi chanjo inatisha kuliko ugonjwa? Kwa sababu chanjo unaikubali mwenyewe kwa mkono wako, na madhara yakija utajilaumu. Ugonjwa ukija unasema ni kudra. Tunaona uchungu zaidi kwa tulichotenda kuliko kwa tulichoacha kutenda, hata kama tulichoacha ndicho chenye madhara zaidi.

Lakini sitaki ukachanjwe kwa sababu nimekuambia hatari ni ndogo. Kuna maswali mawili hapa, na watu huyachanganya. La kwanza: je, nchi inadai kadi mpakani? Hiyo ni sheria ya kujilinda yenyewe isiletewe virusi. La pili: je, unakokwenda homa ya manjano ipo? Hiyo ndiyo inayokuhusu wewe. Nchi inaweza kudai kadi na ugonjwa haupo, au ugonjwa upo na hakuna anayekuuliza kadi. Kama ugonjwa haupo na kadi haidaiwi, hata hatari ya mmoja kwa laki moja ni ya bure, usichanjwe. Ila kwanza pekua makabrasha yako. Kama ulichanjwa kabla hujaondoka na kadi ya kimataifa bado unayo, tangu Julai 2016 kadi hizo zinakubalika kwa maisha yote, hata ikiwa imeandikwa miaka 10. Binti yako atahitaji yake, nayo huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya sindano. Mwambie mhudumu kama yeyote kati yenu ana mzio mkali wa mayai, ana tatizo la thaimasi (tezi ya kinga iliyo kifuani), au anatumia dawa zinazoshusha kinga.

Sasa malaria, na hapa nitakaa kidogo.

Unasema mwili umezoea. Ulikuwa umezoea. Kinga ya malaria anayoipata mtu aliyekulia penye ugonjwa si kama ya surua, ukiugua mara moja umemaliza. Kimelea cha malaria kiitwacho falsiparamu hupachika protini juu ya chembe nyekundu ya damu kinayoishi ndani yake, na kila kinga yako inapoitambua hiyo, chenyewe hubadilisha vazi. Kina akiba ya jeni takriban 60 za mavazi hayo. Mtoto anayeumwa na mbu kila msimu hujifunza vazi moja baada ya jingine, mpaka ukubwani akiambukizwa anapata homa nyepesi tu au hapati kabisa. Somo hilo linataka marudio. Ukikaa miaka bila kuumwa, kingamwili hupungua na unasahau sehemu kubwa ya ulichojifunza. Kwa miaka 14, usihesabu kitu. Na hata ungekuwa na mabaki, binti yako kazaliwa na kukulia kusikokuwa na malaria. Yeye hajasoma hata darasa la kwanza.

Ndiyo maana watu wanaorudi kusalimia ndugu huugua malaria kuliko watalii wanaolala hotelini. Hukaa muda mrefu, hulala nyumba zisizo na wavu dirishani, na hawaendi kliniki kabla ya safari kwa kuwa "naenda nyumbani". Malaria iliua watu takriban 597,000 duniani mwaka 2023. Chembe zilizoshambuliwa na falsiparamu hunata kwenye mishipa midogo ya ubongo, figo na mapafu, na mtu asiye na kinga anaweza kutoka kwenye homa ya kawaida hadi kupoteza fahamu ndani ya siku moja au mbili.

Kuhusu vidonge vinavyochanganya akili: hicho ni kimoja, meflokwini. Kwa baadhi ya watu huleta ndoto za kutisha, wasiwasi na huzuni, na hakipewi mwenye historia ya sonona, wasiwasi mkubwa au kifafa. Wewe unayelala vibaya tayari kwa wasiwasi, mimi nisingekuandikia. Ila sifa yake mbaya imewachafua wenzake wasiohusika.

Atovakuoni-proguanili humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo la malaria hadi siku 7 baada ya kutoka. Kwa siku zako 28, ukianza siku mbili kabla, ni vidonge 37. Meza na chakula chenye mafuta au maziwa, la sivyo dawa hainyonywi vizuri. Binti yako hupimwa kwa kilo, si kwa miaka: kilo 21 hadi 30 ni vidonge viwili vya watoto kwa siku, kilo 31 hadi 40 ni vitatu. Mpime uzito kabla ya kwenda kliniki. Kwa kuwa una presha ya muda mrefu, omba kipimo cha figo, maana figo zikiwa zimedhoofu sana dawa hii haifai.

Doksisaiklini ni rahisi zaidi kwa mfuko, lakini huendelea wiki nne baada ya kutoka, jumla vidonge 58 kwa safari yako. Imeze na glasi nzima ya maji, ukae wima nusu saa. Ukinywa na fundo moja ukalala, inaweza kukwama na kuchoma umio. Pia hufanya ngozi iungue upesi na jua, na baadhi ya vidonge vya maji vya presha hufanya hivyo hivyo. Viwili pamoja kwenye jua kali, utajuta. Kwako naegemea ya kwanza.

Kwa nini moja huishia siku 7 na nyingine 28? Vimelea vikiingia hukimbilia ini, vinajificha humo siku saba au zaidi kabla ya kutoka kwenye damu. Atovakuoni-proguanili huvifuata hadi ndani ya ini. Doksisaiklini inavisubiri mlangoni, kwenye damu, kwa hiyo lazima isubiri hadi wa mwisho atoke. Wengi hukosea hapo hapo: wanafika kwao, wanafungua mabegi, mbu hakuna, wanaacha dawa. Kisha wanaugua na kusema dawa haikufanya kazi.

Vidonge huzuia takriban asilimia 90, kwa hiyo mbu bado ni adui. Anofelesi, mbu wa malaria, huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri: chandarua chenye dawa, kingo zikichomekwa chini ya godoro, na mafuta ya kufukuza mbu yenye kemikali ya DEET asilimia 20 hadi 50. Mchana kuna mbu mwingine, edesi, wa homa ya dengue, hivyo mafuta si ya usiku tu. Ukipaka na ya kuzuia jua, ya jua hutangulia, ya mbu hukaa juu.

Sasa yale ambayo hukuyataja.

Ajali za barabarani huua watu takriban milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndizo zinazoongoza kwa vifo vya wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Binti yako yumo humo. Kwa wasafiri, majeraha ndicho chanzo kikubwa cha vifo vinavyozuilika; maambukizi yako nyuma sana. Lakini hakuna anayekosa usingizi kwa ajili ya kiti cha nyuma kisicho na mkanda. Na ni hatari ambayo usukani wake unao wewe kwa kiasi kikubwa. Ukiwaomba ndugu waje kuwapokea, uliza kama gari lina mikanda nyuma, kabla hawajatoka nyumbani. Usikubali mwendo wa usiku kati ya mji na mji. Mkitua saa mbili usiku na kijijini ni mwendo wa saa tano, laleni mjini. Pikipiki, ikibidi, basi helmeti kwa kila kichwa na kamba imefungwa chini ya kidevu: helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 40 na ya jeraha la kichwa kwa takriban asilimia 70. Helmeti ya mtu mzima juu ya kichwa cha mtoto inazunguka kama sufuria, haimkingi. Najua kumkatalia mjomba mbele ya watu si kazi rahisi. Msingizie daktari.

Kuharisha ndiko kutakakokupata kama kuna kitu kitakupata: kutegemea mahali na msimu, wasafiri 30 hadi 70 kati ya 100 huharisha ndani ya wiki mbili. Kwa kawaida huisha kwenyewe baada ya siku chache. Kwako kuna tanzi moja. Kidonge chako kinatoa maji na chumvi kupitia mkojo, kuhara kunavitoa huku. Ukiendelea navyo vyote viwili kwenye joto, presha inaporomoka na figo zinaumia. Muulize daktari wako kabla ya kuondoka: siku ya kuhara sana au kutapika, nisimamishe kipi, na nirudie lini? Wengi husimamisha kidonge cha maji mpaka mtu ale na kunywa kawaida kwa siku moja au mbili, ila jibu lako lipate kwake, liandike kwenye karatasi, ulitie ndani ya boksi la dawa.

Beba paketi za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Ukuta wa utumbo una mlango unaoingiza sukari na chumvi kwa pamoja, na maji hufuata. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na soda, yenye sukari tele bila chumvi, huvuta maji kurudi tumboni. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto: ionje, isiwe na chumvi kuliko machozi. Mtoto wa umri wake hunywa mililita 100 hadi 200 kila baada ya choo cha maji. Na usiogope chumvi hiyo kwa sababu ya presha, siku hiyo ndiyo dawa.

Lingine ni kichaa cha mbwa. Ni nadra, lakini dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, na kati ya wanaokufa, watu takriban 59,000 kwa mwaka, wanne kwa kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto kimo chake ni cha mdomo wa mbwa, hung'atwa usoni, na huficha akiogopa kugombezwa. Chanjo ya kabla ni dozi mbili, siku ya 0 na siku ya 7. Hapo ndipo wiki yako moja inapohesabika. Aliyechanjwa kabla akiumwa huhitaji dozi mbili tu zaidi. Asiyechanjwa huhitaji dozi nyingi na immunoglobulini, yaani sindano ya kingamwili zilizo tayari, ambayo sehemu nyingi haipatikani. Kwa vyovyote, aking'atwa au kukwaruzwa: sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili huku ukitazama saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Mwambie binti mapema kwamba hatagombezwa.

Ukienda wiki hii, siku ya kwanza mnaweza kupata homa ya manjano kama inahitajika, homa ya ini aina A (dozi moja inatosha kwa safari hii), ya taifodi ambayo inataka wiki mbili kabla ya kuondoka, na ya kwanza ya kichaa cha mbwa kwa mtoto. Siku ya 7 ya pili. Angalieni kama surua na pepopunda zimekamilika. Chanjo mbili za virusi hai, kama surua na homa ya manjano, zisipotolewa siku moja hutenganishwa wiki nne, na wiki nne hamna. Nenda na orodha ya dawa zako, kadi zote za zamani, na majina ya wilaya mtakazolala. "Naenda kwetu" haimsaidii mhudumu kitu. Dawa za presha ziwe za wiki moja zaidi ya safari, ndani ya maboksi yake, kwenye begi la mkononi.

Usisubiri kunisoma tena, muone daktari ana kwa ana kabla ya safari kama presha imepanda, kama miguu inavimba au kifua kinabana ukipanda ngazi, kama una ujauzito, au kama wasiwasi huu unaendelea kukunyima usingizi hata baada ya kupata majibu. Hilo la mwisho nalo linatibika. Ukiwa huko, nenda hospitali siku hiyo kwa kuhara damu, homa, mguu mmoja uliovimba na kuuma, au kushindwa kupumua.

Na mkisharudi: homa yoyote, yako au ya mtoto, kuanzia siku ya 7 tangu mlipoingia hadi miezi mitatu baada ya kutoka, ni malaria mpaka ikanushwe, hata kama mlimeza vidonge vyote. Nenda siku hiyo hiyo. Aina nyingine za malaria huweza kujificha zaidi ya mwaka, kwa hiyo usiache kulitaja hata baadaye. Kipimo kimoja kikisema hakuna, kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24, mara tatu. Huko unakoishi daktari anaweza kuona mafua tu, hivyo kabla hajakuuliza unaumwa nini, mpe nchi, wilaya na tarehe mliyotoka.